Siku ya Tatu Mpe Jembe: Mwongozo wa Kujitolea Kisumu na Kando ya Ziwa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumsukuma mgeni mvivu asiyetaka kubanduka kitini. Safari hii mgeni ni wewe. Umeamka Jumamosi, umevaa fulana ya klabu, umeshuka kwenye boda boda Nyalenda au Ahero na nia yako ni kusaidia. Wenyeji watakupokea vizuri, watakupa kiti, pengine na soda. Lakini pia wanakupima. Wamewaona wengi waliokuja na fulana kama hiyo, wakapiga picha, wakaaga, na wasionekane tena.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzipita siku mbili za ugeni, afike siku ya jembe, kisha azimudu siku zinazofuata, ambazo ndizo ngumu. Nimeuandika nikiwa na Kisumu na ufuo wa Kenya mbele ya macho yangu, ingawa msomaji wa Mwanza au Entebbe ataona mengi ya kwao humu.

Jua kwanza unaingia katika nini

Usiende kijijini ukidhani umeleta wazo jipya. Wajaluo wana saga: mtu akizidiwa na shamba huwaita majirani, wakalima pamoja kuanzia alfajiri, naye akawapikia. Kesho ikawa zamu ya mwingine. Hakuna aliyeitwa mfadhili wala mfadhiliwa, kwa sababu kila mmoja alijua siku yake itafika. Vyama vya akina mama vya kuzungusha fedha, vilivyojaa kuanzia Kibuye hadi Mbita, vinaendeshwa kwa mantiki hiyo hiyo.

Hata huduma ya kupangwa, yenye wanachama na kanuni, ina umri mkubwa hapa. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, kulalamikia kodi, kipande na kazi za shuruti. Vuguvugu hilo likajulikana kama Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwaka 1923 kasisi wa Kianglikana, Archdeacon Walter Owen, akaligeuza kuwa chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa enzi hizo, na wanachama wakahimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Vyoo vilihitajika kweli. Lakini wapo waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba watu walikuja kudai haki wakapewa panya wa kuua. Iweke habari hiyo moyoni, tutairudia.

Vilabu vya huduma tunavyovijua leo vilitoka ng'ambo. Rotary ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na mwanasheria Paul Harris, ikafika Nairobi mwaka 1930. Lions nayo ilizaliwa Chicago, mwaka 1917, kwa juhudi za Melvin Jones. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi, alisimama mbele ya mkutano wao akawaomba wawe watetezi wa vipofu; ndiyo maana ukisikia Lions utasikia pia habari za macho. Rotary ilijifunga na polio kuanzia 1985, na tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilithibitishwa kuwa halina tena maambukizi ya virusi vya asili vya ugonjwa huo. Miaka 35 kwa ugonjwa mmoja. Klabu nzuri hujulikana hivyo: haibadilishi shughuli kila msimu.

Mashirika yote mawili yana vilabu Kisumu. Vijana wana milango yao: Interact kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 18, Rotaract kuanzia miaka 18 (tangu 2020 haina tena ukomo wa umri wa juu), na Leo kwa upande wa Lions. Kwa mwanakijiji asiye na nafasi wala fedha za uanachama, Rotary ina mpango wa vikundi vya jamii uitwao Rotary Community Corps, ambapo wenyeji hujipanga wenyewe wakisaidiwa na klabu ya jirani. Nje ya vilabu hivyo kuna Msalaba Mwekundu wa Kenya, uliowekwa kisheria na Bunge mwaka 1965, ambao huwapa mafunzo watu wa kujitolea. Kuna makanisa, misikiti na gurudwara za mji huu. Hulazimiki kuchagua lililo maarufu.

Siku ya kwanza: tazama

Klabu haina haraka ya kukusajili, nawe usiwe nayo ya kusajiliwa. Rotary na Lions huingiza mwanachama kwa mwaliko: mwanachama aliyepo hulipendekeza jina lako. Ikiwa humjui hata mmoja, fungua tovuti ya Rotary au ya Lions utumie sehemu ya kutafuta vilabu, andika Kisumu, upate siku, saa na mahali wanapokutana. Kisha piga simu uombe kuhudhuria kama mgeni. Hakuna atakayekukatalia.

Nenda mara tatu kabla ya kusema lolote. Utaona kengele ikipigwa, utasikia maswali manne ambayo Wanarotary huyatumia kupima neno na tendo: Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote? Je, litajenga nia njema na urafiki? Je, litawafaa wote? Utaona watu wakitozwa faini za utani, mmoja kwa kuchelewa, mwingine kwa kuwa timu yake imeshinda. Furahia. Lakini macho yako yawe kwenye taarifa za miradi. Baada ya hapo uliza, kwa adabu, maswali haya:

- Mradi mliofanya miaka mitatu iliyopita uko katika hali gani leo? Nani alikwenda kuuona mara ya mwisho?
- Hesabu za fedha za wahisani zinatunzwa mbali na hesabu za chakula na sherehe za klabu?
- Ada ya mwaka ni kiasi gani, na nje ya ada kuna michango gani ya mara kwa mara?
- Mwanachama asiye na fedha nyingi ila ana muda, mnampa kazi gani?

Swali la kwanza ndilo kubwa. Klabu ikianza kukuonyesha picha za siku ya uzinduzi, tazama kwa makini kama kuna picha ya mwaka uliofuata. Swali la mwisho litakueleza kama watakuthamini. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Klabu inayompima mtu kwa mfuko wake pekee itakuchosha mapema.

Pima na nafsi yako pia. Uanachama una gharama: ada, chakula cha mkutano, nauli ya kwenda Nyakach au Seme. Una muda: mikutano, kamati, Jumamosi. Ukiona huwezi kutoa zaidi ya saa nne kwa mwezi, sema saa nne, uzitoe. Anayeahidi saa nne akazileta huangusha kazi mara chache kuliko anayeahidi ishirini.

Siku ya pili: sikiliza

Sasa nenda kunakokusudiwa huduma, na uende mikono mitupu. Ukifika na magunia ya unga kabla ya mazungumzo, mazungumzo yote yatakuwa juu ya unga.

Kuna mlango wa kupitia. Mtaani na kijijini, anza kwa chifu au naibu wake na mzee wa kijiji. Ufuoni, kama Dunga au Usenge, muone mwenyekiti wa BMU, chombo cha usimamizi wa ufuo kilichowekwa kwa kanuni za uvuvi za mwaka 2007. Bila yeye hutapata hata mahali pa kuweka meza. Shuleni ni mwalimu mkuu. Kwenye afya, mtu wako ni mhamasishaji wa afya ya jamii, yule mwenye mkoba wa dawa na orodha ya nyumba anazozitembelea. Serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 mwaka 2023, na anayehudumia kijiji anajua ni nyumba gani ina mzee asiyeona na ni ipi ina mtoto aliyekosa chanjo. Usije ukafanya uchunguzi wako mwenyewe wa nyumba kwa nyumba wakati yeye anazo taarifa hizo na siri zake.

Salamu ni nusu ya kazi. Sema misawa au oyawore hata kama Kidholuo chako kinaishia hapo. Mzee ni jaduong', bibi ni dani, na mama mwenye mtoto aitwe kwa jina la mwanawe, Min fulani, kuliko kuitwa "wewe mama". Kaa chini ukipewa kiti. Kisha usiulize "Mnataka nini?" Swali hilo huzaa orodha ya yale wanayodhani unayo. Uliza hivi: "Jana maji mmechota wapi? Nani aliyachota? Mtoto alipougua mara ya mwisho mlimpeleka wapi, na nauli ilitoka wapi?" Majibu ya jana ni ya kweli kuliko matakwa ya kesho.

Kusikiliza huokoa fedha. Chukua mfano wa visima. Klabu ngeni hufika Nyalenda au Manyatta, huona foleni ya mitungi, na mara huamua kuchimba kisima kifupi. Mwenyeji angewaambia kwamba visima vifupi vimejaa tayari, tena viko hatua chache kutoka kwenye vyoo vya shimo, na mvua ikinyesha sana udongo hauchuji tena. Hitaji la pale huenda likawa kuunganishiwa bomba la KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, kupitia kioski, au dawa ya kutibu maji, au choo bora. Kisima kingine kingeongeza idadi ya mahali pa kupata kuhara.

Mfano mwingine uko Nduru, ufuo wa Nyakach. Kwa miaka mingi mwanamke mchuuzi wa samaki asiye na mtaji alilazimika kuwa na jaboya, mvuvi anayempa samaki kwa sharti la kulala naye. Wanawake wa Nduru walijikusanya, na kuanzia mwaka 2011 wakasaidiwa kumiliki mashua zao wenyewe. Wazo la kubadilisha anayemiliki mashua lilitoka kwa watu wanaoishi na tatizo. Mgeni angeleta semina ya maadili. Halafu maji ya ziwa yalipopanda, mafuriko ya mwaka 2020 yakakizamisha kijiji. Mradi uliobuniwa vyema kiasi hicho bado ulihitaji watu wa kurudi baada ya maji.

Siku ya tatu: shika jembe

Yapo mengi ya kufanya kando ya ziwa. Nitakaa kwenye machache ambayo klabu ya watu ishirini inayaweza.

*Damu.* Kama ningelazimishwa kuchagua kazi moja kwa klabu ya Kisumu, ningechagua hii. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko maeneo mengine ya Kenya, na malaria kali huharibu chembe nyekundu za damu za mtoto mdogo hadi akahitaji kuongezewa damu saa hiyo hiyo. Ongeza wagonjwa wa selimundu, ambao ni wengi magharibi mwa Kenya, akina mama wanaovuja damu wakijifungua, na majeruhi wa boda boda. Kisumu ina kituo cha kanda cha damu, na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo mwendesha boda boda atakupeleka haraka ukisema "Rasia", huhudumia watu wa kaunti nyingi.

Tatizo la damu ni kalenda. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi, hivyo shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba chupa hupungua. Kazi yako basi ni kuijaza miezi hiyo. Zungumza na kituo cha damu wiki sita kabla. Wao ndio wenye wauguzi, vitanda na majokofu, wewe ni mwenye watu na kivuli. Chagua mahali ambapo watu wazima wapo tayari: soko la Kibuye siku ya Jumapili, kanisani baada ya ibada, msikitini, kwenye stendi ya boda boda. Mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Awe amekula. Mpe maji, soda na biskuti baadaye, na mtu wa kukaa naye dakika kumi. Damu yake itapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina B na C, na kaswende, kwa hiyo asiulizwe chochote cha siri mbele ya foleni.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea: chembe nyekundu hukaa jokofuni takribani siku 35. Kampeni kubwa ya mara moja kwa mwaka husaidia mwezi mmoja tu. Mwanamume anaweza kuchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Basi chukua namba ya simu ya kila anayekubali, na siku yake ikifika mtumie ujumbe mfupi. Wachangiaji 30 wanaorudi mara tatu kwa mwaka ni chupa 90, tena za watu waliokwisha kupimwa na kuzoea sindano.

*Macho.* Kambi ya macho huvuta umati, na wengi watakaokuja wana shida nyepesi: mama anayefuma wavu au kuchambua omena akiwa amevuka miaka 40 anahitaji miwani ya kusomea. Hao utawamaliza siku hiyo hiyo. Mwenye mtoto wa jicho anahitaji upasuaji hospitalini, na usimpe matumaini kama hujapanga mambo manne: gari la kumpeleka, ndugu wa kumsindikiza, gharama ya upasuaji, na gari la kumrudisha kuangaliwa baada ya bandeji kufunguliwa. Kambi inayomwambia mzee "una mtoto wa jicho" kisha ikafunga hema imemwachia huzuni yenye jina.

*Ziwa lenyewe.* Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na Kisumu iko ndani kabisa ya Ghuba ya Winam, ambako takataka za mji na gugumaji hukwama. Kusafisha ufuo ni kazi nzuri ya kuwaanzisha vijana, mradi uijue hatari yake. Maji ya ukingoni yana konokono wabebao kichocho. Usimwingize mtu majini miguu mitupu. Vaa gambuti na glavu nene. Viboko hawana urafiki, na BMU ndio wanaojua wako upande gani asubuhi hiyo. Atakayepanda mashua avae jaketi la kuokoa maisha, hata akijua kuogelea, kwani dhoruba za ziwa hili huja ghafla.

Kuhusu gugumaji, usijidanganye. Hali ikiruhusu, hujizidisha maradufu katika wiki mbili hivi. Mwaka 1997 ilibidi waachiliwe wadudu maalumu wa kulila, na hata sasa lipo. Jumamosi moja ya kuling'oa ni mazoezi ya mwili. Nguvu yako itumike pale chanzo kilipo: takataka zinazoingia Mto Kisat na Mto Auji, mitaro, na mbolea na maji machafu yanayolilisha. Na uache mafunjo ya Dunga yasimame. Yanachuja maji na ni makazi ya samaki wachanga na ndege.

*Miti.* Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kila klabu inataka picha ya mche. Panda mwanzo wa mvua za Machi hadi Mei au zile za Oktoba hadi Desemba. Kabla hujanunua miche, jibu swali moja: Januari, jua likiwaka na mbuzi wakiwa na njaa, nani atamwagilia? Kama ni shule, mpe kila mwanafunzi mti wake na jina lake kwenye kibao, na ulipie uzio kabla ya mche. Miche 50 yenye uzio inashinda 1,000 isiyo na mwenyewe. Usipande mikaratusi kando ya mto.

*Mafuriko.* Mto Nyando hufurika tambarare za Kano kila mvua zikizidi. Mwaka 2020 na 2024 familia nyingi zilihamia madarasani. Siku hiyo si ya kujifunza. Jiunge na Msalaba Mwekundu mapema, upate mafunzo ya huduma ya kwanza, ili ukiitwa ujue nafasi yako. Ukichangisha, acha nguo kuukuu. Ulizia dawa ya kutibu maji, ndoo zenye mfuniko, neti, sodo na sabuni. Wala usifunge msaada kwenye mifuko ya plastiki: imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017 na adhabu yake si ndogo.

Fedha zisizoleta ugomvi

Urafiki mwingi wa vilabu umevunjikia kwenye namba ya M-Pesa ya mtu mmoja. Changisheni kupitia akaunti ya klabu au paybill yenye jina la klabu, na benki idai saini mbili. Mhazini asome hesabu kila mwezi, hata ikiwa ni shilingi 3,000. Stakabadhi ya boda boda isipopatikana, andika tarehe, safari na namba ya malipo.

Kwa upande wa jamii, kikundi mnachoshirikiana nacho kiwe kimesajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10, katiba na viongozi. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo itawaelekeza. Usimpe fedha "mwakilishi" ambaye kikundi chake hakijawahi kuonekana kikikutana.

Ndoto kubwa zina fedha kubwa: ruzuku ya kimataifa ya Rotary huanzia mradi wa dola 30,000, lakini hudai utafiti wa mahitaji uliofanywa pamoja na jamii na mshirika wa nchi nyingine. Usikimbilie huko kabla hujatunza vizuri mradi wa shilingi 30,000. Na kanuni yangu ya mfukoni ni hii: katika kila shilingi 100 za mradi, 70 za kuanzisha, 30 zifungiwe kwa ajili ya kurudi. Pampu ya mkono husimama kwa kukosa kipande cha mpira kilichochakaa, na kipande hicho ni cha bei ndogo kuliko mabango ya uzinduzi.

Picha, watoto na heshima

Uliza kabla ya kupiga picha, na mtu akisita, hiyo ni hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinamlinda mtoto huyo unayetaka kumweka mtandaoni akiwa hana viatu. Jipime hivi: kama mtoto ni wako, ungeipenda picha hiyo ukutani kwa jirani? Mpokeaji asipewe kitu akiwa ameshikilia bango la klabu. Ukifanya kazi na wanafunzi mara kwa mara, chukua cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, DCI. Maombi huanzia eCitizen na alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre. Usikae na mtoto faragha, usimpe namba yako, na msichana akipokea sodo apewe na mwalimu wake wa kike mahali penye staha.

Siri za afya zibaki siri. Umeketi kwenye foleni ya kambi ya matibabu Obunga, umesikia jina na dawa za jirani wa shangazi yako. Hukusikia.

Usiifunike haki kwa fadhila

Nilisema tutairudia habari ya panya. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, maji safi na usafi wa mazingira. Klabu ikizibua mtaro kimya kimya kila mwaka, serikali ya kaunti inapumzika na mwenye haki anageuka mshukuru. Fanya kazi yako, lakini andamana na wenyeji kwenye kikao cha kujadili bajeti ya kaunti, mwalike mwakilishi wadi aone alichopaswa kufanya, na uandike barua. Kauli moja ya dani anayeeleza kikaoni jinsi anavyochota maji ina uzito kuliko taarifa yako ya kurasa kumi. Mlipie nauli yake.

Baada ya jembe

Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai, na wa Lions vivyo hivyo. Rais mpya huja na mawazo mapya, na miradi ya jana husahaulika. Kuweni na daftari moja la miradi lisilo la rais yeyote: jina la mahali, mtu wa kuwasiliana naye, tarehe ya kurudi, kilichoharibika, kilichotengenezwa. Likabidhiwe kila Julai kama funguo za nyumba.

Rudi baada ya mwezi mmoja uone kama kitu kinatumika. Rudi baada ya mwaka uone kama kimesimama. Rudi baada ya miaka mitatu, mikono mitupu tena, unywe chai. Siku hiyo hutapewa kiti cha mgeni. Utaambiwa sogea, kaa hapo kwenye mkeka, na utaombwa ushike mtoto kidogo huku mama akienda kuepua sufuria. Ukifikia hapo umeshajitolea.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka Jumamosi hii, fungua simu yako mbele ya mwenyeji wako, mkubaliane tarehe ya kurudi, na uiandike. Kisha uje.